Jiwe Chini ya Karai

Moraa hakuwa na haja na watalii, na watalii nao, kwa kadiri alivyojua, hawakuwa na haja naye. Walifika Osiri na buti mpya, wakasimama kando ya mashimo ya dhahabu wakishika viuno, wakapigwa picha karibu na wanawake wanaoponda mawe, wakasema "pole na kazi", wakaenda zao kunawa. Hao aliwasamehe. Aliyemchefua ni kijana aliyekuwa akiwaleta.

Levis alizaliwa pale pale Osiri, nyumba ya tatu kutoka kwa Moraa. Miaka miwili aliyokaa Migori mjini ilimtosha kusahau hata njia ya chooni kwao. Siku hizi alirudi wikendi tu, na miwani ya jua na kofia pana yenye kamba ya kidevuni, kana kwamba kwao kumegeuka jangwa alipoondoka. Aliwaambia wageni kwamba wachimbaji huimba ili kuiamsha dhahabu. Moraa alikuwa ameponda mawe miaka tisa na hakuwahi kumsikia mtu akiiamsha dhahabu. Watu waliimba kwa sababu kazi inachosha.

Ijumaa hiyo, saa kumi na moja jioni, Moraa na wenzake wanne walipata walichokuwa wakikitafuta tangu mvua zianze. Shimo lao lilikuwa katika shamba la Mzee Maranga, na mzee alikuwa amechoka kuwaona wakitoa mawe makavu. Alikuwa amewapa hadi Jumapili jioni. Yeyote atakayemletea jiwe lenye macho kutoka shimo lile, alisema, shimo ni lake. Wasipolileta wao, Jumatatu anawapa wengine. Sasa Mellen, aliyekuwa chini, alikuwa amepandisha kwenye ndoo jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, na pembeni mwake dhahabu ilionekana bila kutafutwa, macho manane au tisa ya njano. Moraa alichukua chokaa akalipiga mstari mmoja mrefu kutoka upande hadi upande, alama ya kundi lao. Mellen alitolewa shimoni akicheka peke yake.

Lakini jua lilikuwa linazama, na kina Moraa ni Wasabato.

Hapo ndipo walipofanya ujinga ambao mtu wa dini nyingine asingeufanya. Kamba ya kushukia shimoni Moraa aliikunja akaenda nayo nyumbani, kama walivyofanya kila Ijumaa tangu mwaka jana, mbuzi wa watu alipoivuta na nusura atumbukie. Ikalala chini ya kitanda chake hadi Sabato iishe. Jiwe je? Jiwe Moraa alikataa kulibeba. Alisema ukiingiza dhahabu nyumbani Ijumaa jioni utaiwaza usiku kucha, na kuiwaza ni kuifanyia kazi. Wenzake waliona ana haki kabisa. Wakaliweka juu ya rundo lao, wakalifunika kwa karai lililopinduliwa, wakaenda kufungua Sabato kwa wimbo.

Jumamosi kutwa walikuwa kanisani. Moraa alisikiliza mahubiri yote mawili na hakuliwaza jiwe zaidi ya mara sita. Jua lilipozama tu, alienda kwenye rundo. Karai lilikuwa limeketi vizuri, limegeuzwa juu, na ndani yake hakuna kitu.

Mlinzi wa machimbo, Gisiri, mwanamume Mkuria asiyependa maneno mengi, alimweleza alichoona.

"Levis alikuja asubuhi na msichana mzungu. Wakapiga picha. Msichana akaomba jiwe ya ukumbusho, Levis akampatia moja."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Mama Boaz, mimi nalinda watu wasiibe usiku. Hiyo ilikuwa mchana, na ni kijana ya hapa. Nimuulize nini?"

Moraa alimtazama kwa dharau ambayo angeweza kuipima kwa debe. Akauliza walikoelekea. Gisiri alikumbuka: mbuga ya Ruma kwanza, kulala Magunga, halafu Jumapili Homa Bay kula samaki, na jioni msichana avuke mpaka pale Isebania kurudi Mwanza, maana ndiko anakosoma.

Kwa hiyo Jumapili kabla ya saa saba mchana Moraa alikuwa Homa Bay, na njia nzima kupitia Rongo na Rodi Kopany alikuwa akipanga matusi. Aliyapanga kwa Kiswahili, kwa kuwa ya Kigusii msichana asingeyaelewa, na tusi lisiloeleweka ni hasara. Aliuliza hoteli mbili. Ya tatu, iliyokuwa ufukweni, ilikuwa na msichana mmoja mweupe mwenye pua iliyochubuka kwa jua, ameketi peke yake mbele ya mfupa wa samaki aina ya ngege, na jiwe la Moraa limewekwa juu ya karatasi zake zisipeperuke.

Jiwe la watu watano. Limekandamiza karatasi!

Msichana alipoona mtu amesimama juu yake, aliinuka na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Mzuri," Moraa akajibu, kama tunavyojibu sote huku, kisha akakasirika kwamba amejibu. "Ulitoa wapi hiyo jiwe?"

Msichana aliitwa Annika. Alitoka Ufini, alikuwa Mwanza kwa muhula mmoja akisomea maendeleo ya jamii, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hadi kikamwongezea Moraa hasira. Alisema jiwe ni zawadi. Levis alikuwa amemhakikishia kwamba ni taka za machimbo, kwamba wenyewe huzitupa.

"Wenyewe ni mimi," Moraa akasema. "Na mimi situpi."

Macho yake yalishuka kwenye karatasi. Msichana alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa safi, kwamba wanawake wachimbaji hawana sauti. Moraa alisoma hadi darasa la nane na Kiingereza cha kiasi hicho hakikumpita.

"Uliongea na mwanamke gani pale?"

"Hapakuwa na wanawake. Levis alisema hawaji."

"Tulikuwa kanisani! Unakuja Jumamosi kwa Wasabato, unakuta mahali ni kimya, unaandika hatuna sauti?"

Meza ya pili waligeuka. Msichana aliiva uso wote, si pua peke yake. Alilichukua jiwe kwa mikono miwili akamkabidhi, akasema samahani mara nne, na Moraa alikuwa bado na matusi mengi mazuri aliyoyabeba kutoka Rongo ambayo sasa hayakuwa na pa kwenda. Akaligeuza jiwe alitazame.

Upande wenye macho haukuwepo. Jiwe lilikuwa limepasuliwa, na mpasuko ulikuwa mpya, unang'aa. Mstari wa chokaa ulifika katikati ukakatika.

"Nani alivunja hii?"

"Levis. Tulisimama Rodi Kopany kwa fundi wa magari, akaazima nyundo. Alisema mpakani hawataruhusu jiwe kubwa."

"Na kipande ingine?"

"Alisema ametupa." Annika akaongeza polepole, kama anayejisikiliza mwenyewe, "Alikifunga kwenye leso kwanza."

"Levis ako wapi?"

"Ameondoka alfajiri. Alisema kuna msiba kwao. Dereva mwingine atanipeleka Isebania."

Moraa aliketi bila kukaribishwa. Hasira yote aliyokuwa ameielekeza kwa mgeni ilibidi ihame, na kuhama kwake kuliuma. Msiba kwao! Alikuwa amemtumia msichana huyu kama gunia la kubebea. Nani angemshuku mwongoza wageni kwa kumpa mzungu jiwe la ukumbusho? Kila mtu angecheka na kuusema uzungu. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja hadi Homa Bay akiusema.

"Niende nawe nikatoe ushahidi?" Annika akauliza. "Nina picha kwenye simu. Nitakosa darasa kesho, lakini si kitu."

Moraa alimtazama tena. Hakupenda kwamba swali lile lilimgusa.

"Rudi shule," akasema. "Ushahidi ninao mkononi. Lakini hiyo karatasi rekebisha. Jina langu ni Moraa. Andika, na uandike tulikuwa kanisani."

Saa kumi na moja na nusu alikuwa kwa Mzee Maranga. Alimkuta mzee kwenye kiti chake mlangoni, wachimbaji wamejaa uani, Mellen na wenzake watatu wamesimama upande mmoja kama watu waliokwisha kuzikwa, na Levis katikati, kofia kichwani, leso imefunguliwa kiganjani. Macho ya njano yalikuwa yakimetameta kwa jua la jioni. Nyuma yake wanaume wawili kutoka mjini walikuwa tayari wanaongea habari za mashine.

"Nyar Kisii, umechelewa," mzee akasema, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo. "Huyu kijana ameleta. Anasema alishuka jana, akachimba mwenyewe mkiwa mnaimba. Mimi nataka dhahabu, sitaki hadithi."

"Sina hadithi, mzee. Nina swali moja tu." Moraa akamgeukia Levis. "Ulishuka na nini?"

"Mathe, tulia. Na kamba."

"Kamba gani?"

"Hiyo yenu. Si huwa iko hapo tu?"

Kicheko kilianzia kwa Gisiri, mtu asiyecheka, kikazunguka ua wote. Hapakuwa na mtu Osiri, hata mlevi wa mwisho, asiyejua kwamba Jumamosi kamba ile hulala chini ya kitanda cha Mama Boaz. Watu walikuwa wamemtania kwayo mwaka mzima. Levis alitazama huku na huku, akitafuta kinachochekesha.

"Namaanisha, nilikuja na yangu," akasema. "Hizo zenu ni stori za jaba, uongo mtupu."

Moraa alisogea mbele. Alifungua leso yake mwenyewe, akatoa nusu ya jiwe, akanyoosha mkono. Levis hakutaka kutoa kipande chake, lakini mzee alimwangalia, akatoa. Moraa aliviweka pamoja mbele ya Maranga, juu ya kigoda. Vikashikana bila hata ufa wa kupitisha ukucha. Mstari wa chokaa ukaunganika, mweupe, kutoka upande hadi upande.

Mzee aliinama akautazama muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya chokaa.

"Adier, ni kweli," akasema. "Nyar Kisii, shimo ni lenu."

Mellen alipiga kigelegele. Wanaume wa mashine walikuwa wameshafika langoni. Levis alivua miwani, na bila miwani alionekana mdogo, karibu yule aliyekuwa akikimbia uchi kwenye mvua miaka ile.

"Mama Boaz, ilikuwa tu biashara," akasema kwa sauti ya chini. "Hata yule mtalii hakujua."

"Yule msichana ametoka mbali, hajui kitu," Moraa akasema. "Ameambiwa mara moja tu, akarudisha, na akaona aibu. Wewe umezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Unakuja wikendi, unapiga picha, unabeba cha watu, unaenda, na hata kamba yetu hujui inalala wapi. Mtalii ni wewe."

Hakuna aliyecheka safari hii. Levis alisimama na kofia yake, akingoja labda aongezewe neno ili naye apate la kujibu. Moraa alikuwa ameshageuka kumwuliza Mellen kama wamemwachia chai.