Kidole cha Joakim

Karani Mihayo alimaliza chai yake na muhogo wa kuchoma, akatundika mizani kwenye boriti ya kituo cha kununulia pamba pale Nkoma, kisha akaita wa kwanza kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa Ng'washi, mjane wa Ngassa. Alikuwa ameyavuta magunia yake kwa kamba kutoka nyumbani, kama mtu anayepeleka mbuzi malishoni, ila magunia yenyewe hayakugusa chini. Yalielea usawa wa magoti juu ya vumbi, na upepo ulipovuma kutoka upande wa Mwamapalala ilibidi akaze mkono.

Ulikuwa msimu wa kwanza tangu soko lifunguliwe. Zamani pamba yote ya wilaya ya Bariadi ilinunuliwa na chama cha ushirika, na mwanachama alikuwa mume. Sasa makampuni yalikuja na magari yao, na vijana wenye kofia mpya walipita vijijini wakitangaza kwamba soko huria halimuulizi mtu yeye ni nani, linauliza pamba iko wapi. Ng'washi aliyapenda mno maneno hayo. Aliyasema peke yake wakati wa kupalilia, akayasema tena wakati wa kuchuma.

Mihayo alilitundika gunia la kwanza. Gunia likapanda juu ya ndoano, likatulia hewani, na mshale wa mizani haukusogea. Karani akatia mkono ndani, akatoa pamba, akaichambua kwa vidole. Msimu ule wakulima walikuwa wameshajifunza kuloweka pamba na kuichanganya na mchanga ili ivute kilo, kwa hiyo alifurahi kuona kitu cha haki.

"Pamba safi," alisema. "Fifi, ile chafu ya madoa, hamna hata kidogo. Ila haina kilo, mayu, mama yangu."

Ng'washi alijibu kwamba analijua hilo. Lilianza siku ya kumaliza matanga, pale Masunga, mdogo wake marehemu, alipoketi mbele ya wazee na kusema yuko tayari kumrithi shemeji yake pamoja na shamba la mtoni. Ng'washi alisema hapana. Shamba lile walilifyeka yeye na Ngassa, kisiki kwa kisiki, na alitaka kulilima akiwa mwanamke wa nyumba yake mwenyewe. Masunga hakukasirika. Aliwaambia wazee kwamba shamba ni la ukoo, lakini yeye si mtu wa ugomvi: kama shemeji ataweza kuuza mavuno yake mwenyewe, abaki nalo, asipoweza, lirudi. Wazee wakaona ni neno la busara.

Kesho yake ndoo ya maji ilikaa juu ya kichwa cha Ng'washi bila kumlemea. Jioni kitanda kilikuwa kimegusa dari. Mama mkwe wake, bibi Milembe, alikuja na kamba za katani, akamwonyesha namna ya kukifunga kwenye nguzo, kwani na yeye aliwahi kuwa mjane.

"Mimi nilivumilia masika moja tu," Milembe alisema akikaza fundo. "Nilikuwa na karanga zangu nataka kuuza. Nikakubali kurithiwa, zikawa nzito siku hiyohiyo."

Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa geni. Nesi wa zahanati alikuwa ameacha siku nyingi kuwapandisha wajane kwenye mizani. Aliwatazama tu mashavu akakisia. Ng'washi naye hakukosa raha ndogondogo, maana kuteka maji kulikuwa kama matembezi. Lakini alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ni hii ya kituoni.

Mwanamke mmoja kwenye foleni alimshauri aongeze mchanga kama watu wote. Ng'washi aliona aibu, kisha akaongeza. Mchanga nao ukawa mwepesi mara moja, kwa kuwa sasa ulikuwa mchanga wa mjane. Ukapanda taratibu ukaelekea mtoni.

Masunga, aliyekuwa nyuma akisubiri zamu yake, alisogea mbele kwa upole akaweka kidole kimoja kwenye gunia. Mshale ukaanguka hadi boriti ikalia. Akauliza kama waandike jina lake. Ng'washi alilishusha gunia kutoka kwenye ndoano.

Hapo Mihayo akakuna kichwa. Wakubwa wake walitaka pamba, na gari la kampuni nyingine lilikuwa limeshaegeshwa ng'ambo ya barabara. Biashara haigombi. Alitazama huku na huku, akamwona Joakim amelala mlangoni pa ghala. Joakim hakuwa na jembe wala mke wala mbuzi, na pombe ya mtama ilikuwa imemnyang'anya hata viatu. Lakini alikuwa mwanamume, hilo halikuwa na ubishi.

"Joakim, lete kidole."

"Cha mkono upi?"

"Wowote."

Mshale ukaanguka vilevile, haukuchagua. Mihayo akaandika jina la Joakim, kwa sababu ndiye mwenye uzito, na Ng'washi akapewa malipo yake mkononi. Alilia kwa furaha pale pale, mbele ya Masunga. Joakim alipewa pamba ya kujaza kofia, akasema asante mayu, akarudi kulala.

Habari zilifika Mwamapalala, zikafika Lagangabilili. Kila kulipokucha wajane walionekana wakitokea kwenye ukungu, kila mmoja na magunia yake juu ya mabua ya mtama, meupe, yakiyumba polepole, na watu walisimama njiani kwa sababu ilikuwa vizuri kutazama. Kampuni ilimpa Joakim kiti, mwavuli, na sabuni ya kunawia kidole. Alianza kuoga. Sikukuu ya wakulima ilipofika akatajwa mkulima bora wa kata, akakabidhiwa baiskeli na jembe jipya, jembe ambalo alilishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake. Wajane walipiga vigelegele kweli kweli. Walimpenda.

Baada ya mavuno Masunga alikwenda baraza la kata. Hakusema uongo hata mmoja. Alisema kwamba masharti yalikuwa shemeji auze mavuno yake mwenyewe, na kwa ushahidi wa kampuni, aliyeuza ni Joakim. Joakim aliitwa athibitishe. Alikuja na shati lililopigwa pasi, na alipoulizwa kama pamba ya shamba la mtoni iliuzwa kwa jina lake alisema ndiyo. Alipoelezwa kwamba basi na yeye ana dai, alikitazama kidole chake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kama ni sheria, yeye hawezi kuikataa sheria.

Mabishano yakawa baina ya wanaume wawili. Ng'washi aliketi upande wa wanawake, kamba ya kujifunga kwenye benchi ikiwa kiunoni, maana madirisha ya baraza hayakuwa na vioo. Mwenyekiti, mzee Thomasi, mtu mpole na mlezi wa kwaya, aliuliza kama kuna mwingine mwenye neno. Ng'washi akasimama kadiri kamba ilivyomruhusu.

"Shamba lile nimelilima mimi," alisema. "Nimelifyeka, nimepanda, nimepalilia, nimechuma. Huyu hajawahi kufika. Na huyu anafika kuchunga ng'ombe tu."

"Ni kweli," alisema Joakim.

"Ni kweli kabisa," alisema Masunga.

"Kila mtu anajua," alisema mzee Thomasi, na wajumbe wote wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Halafu akaligawa shamba nusu kwa nusu, upande wa mto kwa Masunga na upande wa njia kwa Joakim. Nyumba ya Ng'washi iliangukia mpakani, na wote wawili walisema anaweza kuendelea kukaa, kwani hawana ubaya naye.

Mvua ziliwahi mwaka ule. Masunga alikuwa na ng'ombe wake na Joakim hakujua kushika jembe, na hapakuwa na mtu aliyeujua udongo ule kama Ng'washi, wala yeye hakuwa na udongo mwingine. Asubuhi alilima kwa Masunga, jioni kwa Joakim. Pamba ikastawi kuliko msimu uliopita.

Siku ya kupeleka kituoni aliinama kulichukua gunia la kwanza, la Masunga, na likamshinda. Akaita jirani amtwike. Shingo ikadidimia, magoti yakatafuta pa kujishikilia, akatembea njia nzima bila kamba, akiacha nyayo nzito kwenye vumbi.