Viza Niliyoipunguza

Mimi ni fundi cherehani, na mkono wangu hauwezi kuona ukingo umezidi ukauacha. Ndivyo nilivyoiharibu safari yangu kabla hata sijatoka nyumbani.

Dada yangu, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, alikuwa amelazwa nchi ya jirani, na madaktari walikwisha kunyosha mikono. Mwanawe aliniombea viza mtandaoni, akanitumia kwenye simu na kunisisitiza: "Mama mdogo, uichapishe. Bila karatasi hiyo hupiti."

Nikaichapisha. Lakini karatasi ilikuwa kubwa kuliko pasipoti, na kila nikiikunja ilinikera. Nikachukua mkasi, nikaipunguza pande zote mpaka ikakaa sawasawa. Vipande vyenye tarakimu, pamoja na kile kijimraba cha madoa meusi, nikavifagia na mabaki ya vitambaa. Jina langu lilikuwepo, picha yangu ilikuwepo. Nilitaka nini tena?

Pale mpakani afisa uhamiaji aliigeuza mbele na nyuma.

"Mama, namba ya viza iko wapi?"

"Si viza yenyewe hiyo umeishika?"

"Mtandao hakuna tangu asubuhi, tunaandika namba kwa mkono. Na hii karatasi imekatwa. Nani kaikata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa imezidi."

Mwenzake wa dirisha la pili alicheka mpaka akashika meza. Nilitamani nimshone mdomo.

Niliambiwa nikae kwenye benchi la chuma, nisubiri basi la kunirudisha nilikotoka. Simu yangu haikushika mtandao wa huko, na ile viza ilikuwa imebaki kwenye kompyuta ya duka nilikoichapisha, maana baada ya kuichapisha niliufuta ujumbe ili simu isijae. Nilikaa nikisikia mihuri ikigonga pasipoti za wenzangu. Mwanzoni niliwalaani maafisa wote kimoyomoyo. Baadaye nikakosa wa kumlaani, kwani mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Dada yangu alikuwa safari ya saa moja tu kutoka pale, anakata roho, nami nimezuiwa na mkasi wangu mwenyewe. Nililia bila haya.

Nadhani kilio ndicho kilichomlainisha yule afisa. Alinisogezea simu yake.

"Mpigie aliyekuombea. Fanya haraka, basi linaondoka."

Mara ya tatu ndipo mpwa wangu alipopokea, akinong'ona.

"Uko wapi, mama mdogo? Mama anakuulizia tangu asubuhi. Ngoja nimwekee simu, mzungumze."

"Namba kwanza, mwanangu! Namba ya viza! Wananirudisha!"

"Dakika moja tu, anataka..."

"Nitazungumza naye nikifika! Nisomee namba!"

Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kunisomea, tarakimu moja moja, nami nikizirudia kwa sauti huku afisa akiandika. Ya mwisho ilipoingia daftarini, afisa alichukua simu yake na kugonga muhuri.

"Siku nyingine usikate kitu, mama."

Nilipanda teksi ya kwanza niliyoiona, na njia nzima nilimharakisha dereva mpaka akanikasirikia.

Mpwa wangu nilimkuta mlangoni mwa wodi, ameshika ndala za mama yake. Nilipoziona nikaelewa. Niliketi sakafuni palepale, na mkoba wangu begani.

Nikamuuliza: "Alikuwa anataka kuniambia nini?"

Akachuchumaa kando yangu.

"Simu nilikuwa nimeshamwekea sikioni, mama mdogo. Alikusikia."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mpe namba yake, mwanangu. Usimcheleweshe.'"