Borne ya Nne

Mchana wa Jumamosi Arsène alikuwa chini ya upenu wa jiko, anaziba matundu ya bunduki kwenye ndege ya mbao. Alichanganya gundi na unga wa kombo-kombo, mti ule mwepesi unaoota wenyewe kwenye mashamba yaliyoachwa, akaupaka kwenye bawa kwa ncha ya kijiti, akasugua kwa msasa mpaka kidole kisihisi kitu. Ndege ilikuwa Mustang ya vita vya zamani vya wazungu, urefu wake toka kiwiko mpaka vidole. Lakini si ile ya kuua watu. Vita vilipokwisha, matajiri fulani walizinunua ndege hizo, wakang'oa bunduki, wakapunguza mabawa ili zigeuke upesi, wakaandika namba kubwa ubavuni, wakaanza kushindana nazo kuzunguka nguzo. Arsène aliziona kwenye simu, na tangu hapo hakuwa na starehe nyingine. Kwa kazi alikuwa seremala wa milango na majeneza.

Ng'ambo ya ukuta televisheni ya tonton Emile ilikuwa inapiga kelele. Huyu Emile ni mdogo wa marehemu papa yake, na tuseme wazi, ni mtu wa macho makavu. Babu aliacha parcelle moja, kiwanja cha kujenga, huko Mangobo. Emile alipata mbele. Papa Patrice alipata nyuma, pamoja na njia nyembamba ya kutokea kwenye avenue. Kona nne za fungu la Patrice ziliwekewa borne, vile vijiwe vya saruji vya kuonyesha mpaka, na ya nne ilikaa mdomoni mwa njia, pembeni kabisa mwa avenue. Patrice alipokufa, jeneza lake lilipita hapo. Watu wakarudi kwenye matanga, turubai likafunika uwanja mzima, na wakati wengine wanalia chini yake Emile aliing'oa borne ya nne akaipanda huku nyuma, karibu na jiko. Nani anaangalia chini kwenye matanga? Kabla machozi hayajakauka alikuwa ameshajenga salon yake, sebule ya kupokelea wageni, juu ya njia.

Tangu hapo Mama Georgette, mjane wa Patrice, anatokea kwa mfereji. Anashuka kwenye maji machafu ya mtaa mzima, anashika ukingo, anapanda upande wa pili na goti lake bovu, anafuta matope, ndipo anaita toleka, baiskeli ya abiria, imbebe. Hakuwa mwanamke wa malalamiko mengi. Alikuwa na swali moja tu, na alimuuliza mwanawe kila aliporudi nyumbani akakaa kunawa miguu:

"Siku yangu ikifika, mutanipitisha wapi?"

Arsène, mtu wa majeneza, alimwongezea maji ya kunawia. Roho ilimuuma vibaya sana.

Ndege zilitimia nne, rangi ikakauka, na siku hiyohiyo zikaanza kuruka, jua lilipoondoka kwenye bati la jiko. Hazikuwa na injini. Pangaboi zake zilikatwa kwenye kopo la maziwa, na zilivuma kama nyuki. Arsène alivuta kiti akaangalia. Mama Georgette alianua nguo kwenye kamba zisije zikagongwa. Ndege zilizunguka borne ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimelalia bawa moja kama inavyotakiwa. Ile ya karibu na jiko zikaipita kana kwamba haipo. Zikaingia dirishani kwa tonton Emile, zikazunguka mahali fulani kati ya televisheni na kiti chake kikubwa, zikatoka, zikaendelea na mzunguko. Katika mashindano hayo anayekata ndani ya nguzo anafukuzwa, na hakuna hata moja iliyokata.

Emile alijitokeza dirishani na kijiko cha mboga ya pondu mkononi.

"Arsène, ndege zako ziko zinatafuta nini mu salon yangu?"

"Ziko zinazunguka borne, tonton."

"Borne iko pale, karibu na jiko yenu. Kila mutu anaiona."

"Ile ulihamisha ku matanga ya papa."

"Donc miye mwizi?"

"Miye sisemi kitu. Angalia tu fasi zinageukia."

Emile hakuangalia mahali hapo. Alitema mate upande wao, akafunga dirisha. Kesho yake ndege zilivunja kioo zikapita. Akapigilia ubao, zikaugonga kwa pua mpaka ukapasuka, na zilipotua hazikuwa na hata mkwaruzo. Basi vita vikawa vita. Mke wa Emile alimwaga majivu ya moto juu ya ukuta, yakaangukia sahani za Mama Georgette. Arsène akatupa samaki aliyeoza upande wao. Salamu zikakatika. Siku moja, hasira zimemjaa kifuani, Arsène alipasha msumari moto akayatoboa upya matundu ya bunduki, yote, kwenye ndege zote nne, na alikuwa anajua kabisa anamfikiria nani. Asubuhi matundu yalikuwa yamejiziba, laini, yamepakwa na rangi. Alizitukana ndege zile kama mtu anavyotukana mbwa asiyebweka.

Ndipo akamwita chef wa quartier, mkuu wa mtaa, aje ashuhudie. Chef alikuja saa za ndege, akakaribishwa na Emile, akakalishwa kwenye kile kiti kikubwa. Ndege ya kwanza ikampita karibu na sikio. Akasogeza kiti kidogo. Ya pili ikampita tena. Akasogeza tena, mpaka akawa ameiachia borne ya nne nafasi yake yote, duara tupu sakafuni, saruji imeng'aa kwa upepo wa mabawa. Mtoto mdogo angeelewa. Emile alimfungulia bia. Chef aliuliza ni namba gani inashinda mara nyingi, akaambiwa saba, akasema bon, hata yeye angeichagua saba. Kuhusu mpaka, alisema borne aliyoiona kwa macho yake iko karibu na jiko, na kwamba watu wa familia moja hawapaswi kuchukiana. Akaomba chupa ya pili.

Baada ya hapo Emile alitulia. Alimleta fundi, dirisha likajengwa lote kwa matofali, na likaachwa tundu moja la mraba, upana wa mabawa yale mafupi na vidole viwili juu yake. Hakuna vioo vya kuvunja tena. Watu walianza kuja kukaa pale mchana, wanapeleka vichwa pembeni kila ndege inapopita, wanaendelea na maongezi yao. Borne ya nne walikuwa wanaiona wote. Waliizunguka hata wao wakienda kuchukua maji ya kunywa.

Arsène aliliangalia lile tundu kwa muda mrefu, kisha akapata wazo. Alichukua uzi akampima mama yake toka bega hadi bega, akamwambia ni kwa ajili ya kushonesha kikwembe, nguo ya kitenge. Mama Georgette alikuwa ameishi na maseremala maisha yake yote.

"Hii kipimo haiko ya kikwembe," alisema, lakini alisimama wima mpaka Arsène akamaliza.

Ndege ya tano ilikuwa na mabawa marefu, hayajapunguzwa, kama yalivyotoka kiwandani wakati wa vita. Toka ncha hadi ncha yalikuwa upana wa mabega ya Mama Georgette na nafasi ya mbao mbili za jeneza. Wazo lilikuwa jepesi. Tundu lililozipa nafasi zile nne lingebidi liipe nafasi na hii. Ndege ingegonga ukuta kwa pua kila siku, matofali yangechoka, Emile angechoka, angemwita fundi tena, na siku ile ikifika mama angetoka kwa njia aliyotokea mume wake. Arsène aliifanyia kazi kuliko kitanda chochote au mlango wowote alioutengeneza. Aliandika namba tisa ubavuni, akaiacha mezani rangi ikauke.

Asubuhi alikuta ncha mbili za mabawa pembeni mwa ndege, zimekatwa sawasawa, na vumbi la kombo-kombo chini yake. Alizibandika kwa gundi. Kesho yake zilikuwa zimekatwa tena, pale pale. Namba tisa ilitaka kushinda saba, basi. Jua lilipoondoka kwenye bati iliruka na wenzake, ikafika ukutani, ikapita kwenye tundu bila kugusa tofali, na salon nzima ikashangilia. Mama Georgette aliokota zile ncha akawashia mbabula ya makaa.

Siku hiyo mama alikuwa anaenda kwenye maombi. Arsène alichuchumaa mbele ya tundu akachungulia. Aliona salon, aliona mlango wa mbele wa Emile uko wazi, na nyuma yake avenue, imenyooka mbele ya macho kama zamani. Mama yake alitokea mwisho wa njia ile, amepanda toka mfereji, kiatu mkononi, anafuta matope. Emile alimwona naye. Aliinua glasi.

"Salama, shemeki?"

"Salama," akajibu Mama Georgette, maana yeye hakukosa adabu. Akapanda toleka akaenda.

Aliporudi, ndege zilikuwa zimetua. Arsène alikuwa anasugua mbao za jeneza la mtu wa mtaa mwingine, ambalo vijana wangekuja kulivusha mfereji vichwani. Mama Georgette alichota maji akakaa kwenye kibao chake, akanawa mguu mmoja, akanawa na wa pili. Arsène alisubiri lile swali. Mama hakuuliza. Alikuwa anaangalia tundu la ukutani, na mwanga wa televisheni unaotokea humo.

"Jeneza yangu," alisema, "utaitengeneza nyembamba."

Arsène aliitika ndiyo, mama, akaendelea kusugua.