Mshale Pembeni mwa Ukurasa

"Umemsamehe lini?"

Ndivyo Ruba alivyomuuliza Mahfoudha, mlangoni, bakuli la mbaazi za nazi mkononi, siku ile ya mwaka elfu mbili na mbili aliposikia kuwa jina la jirani yake limo kwenye safari ya Andalusi, kule Spania. Walikaa ghorofa moja Ruwi, mjini Maskati, mlango kwa mlango, na Ruba alijua vizuri kuwa Mahfoudha na wifi yake Kheiria walikuwa hawajapeana mkono miaka sita.

"Kwani nimesema nimemsamehe?" Mahfoudha akajibu. "Nimesema ntakwenda."

Ruba akacheka, akidhani ni mzaha.

Marehemu Saeed, mume wa Mahfoudha na kaka yake Kheiria, alikuwa mpimaji wa maji serikalini. Maisha yake yote yalikuwa mafalaji, ile mifereji ya kale inayoteremsha maji mpaka kwenye mitende. Mwaka tisini na nne walimpeleka Spania miezi mitatu akaitazame mifereji waliyoichimba Waarabu zamani kwenye milima ya kule, na huko alijaza daftari zima, lenye jalada la kijani. Alichora minara, ngome zilizobomoka, vijiji vyeupe vilivyong'ang'ania ubavuni mwa mlima, chemchemi ya kunywa na kivuli cha kupumzikia. "Hili lako," alimwambia mkewe. "Nikistaafu ntakupeleka, utembee ukurasa kwa ukurasa." Hakuwahi kustaafu. Moyo ulimsimama tisini na sita, yuko bondeni anapima maji.

Mahfoudha akakaa eda chumba cha ndani, miezi minne na siku kumi. Kheiria ndiye aliyeshika nyumba: akapokea waliokuja kutoa mkono wa pole, akagawa kanzu za marehemu, akafungua makabati na kuyafunga. Siku eda ilipokwisha Mahfoudha alikoga, akabadili nguo, akaenda moja kwa moja kwenye mtoto wa meza. Daftari halimo.

"Wallahi, wifi yangu, sijaliona," Kheiria akaapa, mkono kifuani.

Mahfoudha hakumtukana wala hakumsema kwa watu. Aliswali, akafunga Jumatatu na Alkhamisi, akamsomea marehemu Yasini, na kila akimaliza dua zake aliongeza moja ya chini kwa chini: Mola wangu, nionyeshe siku yake, na uniweke karibu.

Miaka sita ikapita. Kheiria, aliyekuwa akiuza udi na mafuta mazuri, akatangaza safari ya mabibi: siku kumi mashambani mwa Andalusi, mwenyewe kiongozi. Ruba alikwenda kujiandikisha, akarudi na sifa tele. "Shoga, yule mtu kasoma! Ana daftari lake la kijani, kila kitu kaandika mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Mahfoudha naye akajiandikisha. Kheiria alipoliona jina lile alibadilika rangi, lakini angesema nini mbele ya watu? Alimkumbatia.

Niyyati yake Mahfoudha ilikuwa ndogo: alipate daftari mkononi, alinyanyue mbele ya wote, aseme hili la mume wangu. Lakini siku ya kwanza tu Mola alimwekea jengine mbele ya macho, au yeye alijiambia ni Mola.

Basi liliwashusha chini ya mnara wa mawe, katikati ya milozi iliyokuwa ikichanua, theluji inang'aa kwa mbali juu ya mlima. Mabibi wanane, shungi zinapepea. Kheiria kafungua daftari, kalibana kifuani kama mwanafunzi anayewaficha wenziwe majibu ya mtihani, anasoma maneno ya Saeed kwa sauti yake: mnara wa walinzi, moto ukiwashwa hapa unaonekana mpaka mji wa Ghirnata. Ndani ya maneno yale Mahfoudha alisikia hata pale mumewe alipokuwa akivuta pumzi.

"Sasa picha!" Kheiria akasema. Akautazama ukurasa, akageuka huku na huku. "Sote tutazame upande huu. Upande huu ndio wenye uzuri wake."

Mahfoudha alikuwa nyuma ya bega lake. Aliuona ule ukurasa kwa kitambo cha kufumba na kufumbua: mchoro wa mnara, mstari wa mto, na pembeni mshale mdogo usio na neno. Mshale ule aliujua toka mwaka wa kwanza wa ndoa. Saeed akifika pahala pageni, kabla hajachora jiwe wala maji, alitia mshale wa kibla, kazi isije ikamtia haraka akaipoteza sala. Hakuuandikia jina, kwa kuwa daftari zake alizisoma mwenyewe, na mkewe.

Kheiria alidhani ni mshale wa picha!

Jua lilipoinama, mabibi wakataka kuunganisha adhuhuri na alasiri, kisafari. "Kibla wapi, Kheiria?" akauliza Bi Sayyida, mkubwa wao.

"Kama nyumbani, linakokwenda jua," Kheiria akajibu bila ya kufikiri, kwani Maskati maisha yake yote ameswali akilielekea jua linapozama. Akatandika mswala, nao wakajipanga nyuma yake, mshale wa Saeed uko mgongoni kwao.

Mahfoudha alifungua mdomo. Kisha akainama, akashika goti.

"Mguu wanisumbua," akasema. "Tangulieni."

Aliwasubiri wamalize, akaenda nyuma ya basi, akaswali peke yake kuelekea ulikolenga mshale. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote kumi. Waliona ngome iliyoota miti ya tini ndani, wakanywa maji ya mfereji yaliyo baridi kama barafu, wakapita chini ya miti mikubwa ambayo Ruba alisema ina harufu ya mvua ya Unguja. Kila pahala picha upande huu, sala upande ule. Chumbani alilala na Ruba, na kila alfajiri alimtazama akitandika mswala kuelekea ukutani, analia kwa kumuombea bintiye aliyekuwa mgonjwa. Mahfoudha alikaa kitandani anahesabu tasbihi. Ruba akitoka kwenda kunywa chai, yeye huugeuza ule mswala, naye akasali. Ulimi ulimwasha. Lakini angemwambia Ruba, Ruba angewaambia wote, na kosa lingekuwa dogo la siku moja, la kuchekwa na kusahauliwa. Mahfoudha alilitaka likomae.

Wiki tatu baada ya kurudi, Kheiria aliwaalika wote kwake baada ya alasiri. Kahawa, halwa, na maalbamu ya picha yanapita mkono kwa mkono. Daftari la kijani liko juu ya meza, limewekewa kitambaa cha tarizi.

"Mwakani tunakwenda tena, inshallah," Kheiria akasema. "Safari hii nitazidisha na mji wa Qurtuba."

"Wifi yangu," Mahfoudha akasema kwa upole, "hilo daftari umeandika mwenyewe?"

Kheiria akakinyoosha kitambaa cha tarizi.

"Mwenyewe. Kwa mkono wangu."

"Basi nifahamishe, mshale huu wa pembeni ni wa nini? Upo kila ukurasa."

"Mahfoudha nawe! Si wa picha? Huku kutazama ndiko kuzuri."

"Ahaa." Mahfoudha akavuta albamu moja. "Hii ya asubuhi, pale mnarani tuliporudi siku ya mwisho. Mbona nyote mmekunja nyuso?"

"Jua lilitupiga machoni," Bi Sayyida akasema.

"Asubuhi jua hutoka wapi, Bi Sayyida?"

"Mashariki. Kwani we mtoto?"

"Na tulipokuwa tukienda, ndege ilikuwa ikilifukuza jua au ikilikimbia?"

"Ikilifukuza. Siku ilikuwa ndefu haiishi, tulipita..." Bi Sayyida alikuwa akipeleka kikombe mdomoni. Kikombe kikabaki hewani. "Tuliipita Makka. Tuliiacha nyuma."

"La ilaha illa llah," mmoja akasema.

"Siku kumi!" Bi Sayyida akapiga paja. "Siku kumi naisalia Amerika, na umri wangu huu! Kheiria, umetufanya nini?"

"Mshale ni wa kibla," Mahfoudha akasema. Sauti yake haikupanda. "Saeed hakuwahi kuchora mnara kabla ya kibla. Mwenye daftari angelijua hilo. Mwizi wake aliona pahala pa kupigia picha."

Kheiria akatua kikombe chake. Aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemwangalia. "Sikujua," akasema. "Asiyejua Mola humsamehe." Kisha akalichukua daftari kwa mikono miwili, akaliweka mapajani mwa Mahfoudha. "Nililichukua. Alikuwa kaka yangu na mimi."

Mahfoudha akalifumba kwa viganja. Miaka sita, na leo lina uzito ule ule. Alihisi joto limempanda kifuani, tamu kama halwa, na hakuona haya nalo.

"Mahfoudha."

Alikuwa Ruba. Hakuwa amekula wala kunywa. "We uliujua mshale huu lini?"

Mahfoudha angeweza kudanganya. Lakini alikuwa mtu wa kusali, na uongo hakuuweza.

"Siku ya mwanzo. Pale mnarani."

"Na chumbani? Nikitandika mswala mbele yako, namuombea mwanangu?"

"Nilikuona."

"Mimi sikukuibia kitu, Mahfoudha."

"Nnajua."

Ruba alinyanyuka taratibu, kama mtu aliyekaa eda. Akafunga ushungi wake, akaupita mkono wa Mahfoudha ulionyoshwa, akavaa viatu kizingitini, akatoka.