Sanduku la Umeme la Mwalimu wa Fizikia

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na miwili, na sanduku la umeme nililomnunulia mama yangu lilishindwa kuwasha mashine moja tu. Naanza na hilo nisije nikapata nafasi ya kujikosha.

Mama anaishi kwetu, chumba cha mbele. Mapafu yake yamechoka. Kutwa kucha anavuta hewa kwa mrija mwembamba puani, unaotoka kwenye mashine ya oksijeni kando ya kitanda. Mashine inategemea umeme wa ukutani, na umeme wa mtaani kwetu una kiburi chake: unaondoka bila kuaga, unarudi ukijisikia. Kwa dharura tulikuwa na mtungi wa oksijeni wa kuazima hospitali. Mke wangu ndiye aliyejua kuufungua. Mimi nikasema mambo ya mitungi yamepitwa na wakati, nitanunua betri kubwa ya kubeba, zile zenye soketi zake, watu wanaenda nazo hata kambini.

"Hiyo niachieni mimi," nikawaambia. "Kwani nafundisha nini kila siku?"

Dukani muuzaji nilimtambua papo hapo. Miaka tisa nyuma alikaa dawati la mwisho darasani kwangu. Mtihani mmoja alipata sifuri, na mimi, wakati wa kurudisha karatasi, nikamwita Bi Sifuri mbele ya wenzake hamsini. Darasa zima likaangua kicheko. Jina likamganda mpaka akamaliza shule, na nakiri niliendelea kulitumia, maana kila mara lilichekesha.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kumbe siku hizi unauza umeme! Makubwa haya."

 Aliniuliza nataka kuwasha nini, nikamwambia. Akauliza mashine imeandikwa wati ngapi. Mia mbili tisini, nikasema. Akashusha masanduku mawili na kuyaweka mezani. La kwanza lilikuwa na picha ya hema na familia ikikaanga mayai, wamefurahi kupita kiasi. La pili halikuwa na picha yoyote.

"Hili la hema linatunza umeme mwingi," akasema. "Lakini kwa mara moja linatoa wati mia tatu tu. Mashine ya bibi ina mota ndani, na mota ikianza kuzunguka inavuta mara mbili, mara tatu ya ilivyoandikwa. Chukua hili jingine, Mwalimu. Halikai saa nyingi, ila lina nguvu ya kuiwasha. Ni pipa na bomba: pipa likiwa kubwa na bomba jembamba, maji bado yatatoka kidogo kidogo."

Nilipiga hesabu kichwani. Mashine mia mbili tisini, sanduku mia tatu, zinabaki wati kumi. Na la hema lingedumu saa tatu na zaidi, lile jingine saa moja na kitu. Kwenye karatasi nilikuwa sahihi kabisa. Habari ya mota naijua, naifundisha, lakini siku ile ilinijia kutoka kwenye mdomo nisioutaka.

"Usinifundishe kazi, Bi Sifuri," nikasema.

Mteja aliyekuwa nyuma yangu alicheka. Msichana akainama akaandika risiti, na nyuma yake akaandika namba ya simu. "Likisumbua, nipigie," akasema, bila kuniangalia.

Nyumbani nililijaribu kwa televisheni na feni. Nikawaita majirani waje waone. Mke wangu akaona namba nyuma ya risiti, nikamwambia ni ya msichana wa dukani, ati sanduku likisumbua, nikaikunja nikaitia kwenye pochi. Mashine ya mama sikuijaribu, kwa sababu sikutaka kumkatia hewa hata kidogo, na pia, niseme ukweli, kwa sababu sikuona haja. Kesho yake nikaurudisha mtungi hospitali. Mke wangu aliuliza kama tusingekaa nao hata wiki moja. Nikamjibu kwamba kuna wagonjwa wanaouhitaji kuliko sisi. Nilijiona mtu mwema sana.

Jumamosi ya wiki ileile, saa nne asubuhi, umeme ukakatika. Mashine ikapiga kelele kama inavyofanya ikikosa umeme. Nikachomoa plagi, nikaichomeka kwenye sanduku, nikabonyeza. Kioo kikaonyesha asilimia mia moja. Mashine ikaguna mara moja, sanduku likalia, taa nyekundu ikawaka, kimya.

Nikarudia. Vilevile. Nikarudia tena.

Mama alikuwa ameketi, mikono imeshika ukingo wa godoro, mabega yanapanda na kushuka. Mke wangu alifungua madirisha na kumwegemeza kifuani kwake. "Mpigie yule msichana wa dukani," akasema. "Namba iko kwenye risiti."

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

Sikuwa na cha kungoja. Nilikuwa nimeinamia sanduku najifanya nasoma maandishi, na kilichokuwa kichwani mwangu ni sauti yangu mwenyewe pale dukani. Nilikuwa natafuta njia ya mama kupata hewa bila yule msichana kujua. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, kwa hiyo najua zilikuwa dakika nne. Midomo ya mama ilianza kubadilika rangi, na mimi nikasema "ngoja" kwa mara ya tatu.

Mke wangu aliichomoa pochi mfukoni mwangu, akatoa risiti, akapiga mwenyewe na kumwelekeza nyumbani. Niliisikia sauti ya binti ikitoka kwenye simu, tulivu: "Msilijaribu tena. Akae wima, msimlaze. Nakuja."

Alifika kwa pikipiki, lile sanduku lisilo na picha limekaa mapajani. Hakunisalimia, na hakuwa na sababu. Akachomeka, akabonyeza, mashine ikaguna, ikashika, ikaanza kuvuma. Mke wangu akaurekebisha mrija puani kwa mama. Tulisimama tunamwangalia mpaka rangi ikarudi, na ndipo nikakumbuka kwamba pipa na bomba ni mfano wangu, wa kidato cha tatu. Binti aliyepata sifuri aliubeba miaka tisa. Mimi niliusahau mbele ya kaunta.

Mama alipopata pumzi alimshika binti mkono. "Mwanangu, haya umeyajulia wapi?"

"Mwalimu alitufundisha, bibi."

Mama akanigeukia, na uso wake ulijaa fahari niliyoitamani maisha yangu yote. "Unaona?" akamwambia mke wangu. "Mwanangu amefundisha watu."

Mke wangu aliangalia sakafu. Niliona ningeweza kunyamaza, na jambo lingeishia hapo, wote tukanywa chai. Nilinyamaza kidogo, na hicho kidogo nacho kinaniaibisha.

"Mama," nikasema, "alitaka kuniuzia hili tangu siku ile. Nilimkatalia."

"Kwa nini?"

Binti alikuwa amesimama palepale, mkono wake ungali mkononi mwa mama.

"Kwa sababu nilimzoea kama mjinga. Mimi ndiye niliyempa jina la kuchekwa, darasani, na juzi nikamwita tena dukani, watu wanasikia."

 Mama alisogea kitandani taratibu, akapigapiga godoro kwa kiganja ili binti aketi karibu naye, akabaki ananitazama mimi.

"Nisamehe," nikamwambia binti.

"Aa, Mwalimu," akasema, "hayo nilishayasahau."

Aliyasema kwa sauti ileile ndogo, ya heshima, aliyokuwa akiniitikia nayo "nipo" kila asubuhi nikimwita Bi Sifuri.