Moshi wa Kuvuka Bonde

...na kama ardhi inatembea, mbona yeye Maryan hajawahi kuisikia ikisogea chini ya nyayo zake, miaka yote hii anachuchumaa hapa uani akifukiza vidumu vya maziwa ya ngamia, kijinga cha moto kikifuka ndani, kifuniko juu, kiganja kimekibana ili moshi usitoroke, lakini binti yake Ikra huko jikoni anamwambia Akidor kwamba inatembea, tena kila siku, eti dunia nzima imevikwa mabamba ya mwamba na hakuna hata moja lililotulia, na sauti ya huyu mtoto akieleza jambo ilivyo tamu, jamani, basi tu mama mtu ameapa, tangu juzi hamsemeshi, tangu Abdinajib, mjomba mtu, aliporuhusu msichana aende Eldoret chuoni kusomea mawe, mawe! kana kwamba Isiolo kumepungukiwa mawe, naye akala yamini mbele ya wote kwamba hatamwambia neno mpaka abadili nia, na begi hilo mlangoni, limefungwa, gari linaondoka baada ya adhuhuri... sasa hayo mabamba yanaelea juu ya nini? afadhali Akidor ameuliza, huyu Mturkana anayeuza naye maziwa sokoni hana haya ya kuuliza, na Ikra anajibu si maji wala moto, ni mwamba vilevile, ila una joto kali mno mpaka unajivuta polepole, tazama hapa kwenye sufuria ya chai, anti, na Maryan anajikuta amerefusha shingo, maziwa ya ng'ombe hayo, ya ngamia hayana utando wa maana, utando umepasuka katikati, pande mbili zinaachana, na kule ukingoni umejikunja, hivyo ndivyo milima inavyoinuka bamba likigonga bamba, kwingine moja huzama chini ya lenzake, kwingine yanapitana ubavu kwa ubavu, yanakwama, yanakwama sana, halafu siku moja yanachomoka kwa ghafla na nyumba za watu zinaanguka... kukwama huko Maryan anakujua tangu juzi.

"Sasa sisi hapa Isiolo tuko kwa gani?" Akidor anauliza.

"Hii ya mashariki, anti. Inaitwa Bamba la Somalia. Inaachana na ile ingine pale Bonde la Ufa."

Akidor anacheka, kumbe yeye amebebwa na Wasomali bila kuulizwa na ndugu yake Ekuam amebaki Lodwar kwenye lile lingine, na Maryan karibu acheke naye, anauma mdomo, babu yake Msomali aliletwa hapa na jeshi la Mwingereza, akazeeka akiulizwa kwao ni wapi, na kumbe hata walioketi wakimuuliza walikuwa safarini pamoja naye, angelisikia hilo mzee yule angecheka mpaka machozi... lakini ngoja, Eldoret iko ng'ambo ya bonde, mtoto atakuwa kwenye bamba lile na mama kwenye hili, na ardhi yenyewe inawavuta huku na huku, kiasi gani? muulize basi, Akidor, kwa mwaka ni kiasi gani, lakini Akidor ameshahamia kwenye sukari, sukari iko wapi, na Maryan anaogopa, anaogopa kweli, anatazama mkono wake... kidumu cha mteja wa Nairobi hufukizwa mara moja na kinatosha, hiki amekifukiza, akakifukiza tena, sasa anakirudia, hiki kidogo cha njano ambacho hakuna mteja aliyekiagiza, na moshi wote huu ni wa nini kama si wa maziwa yatakayopita Nanyuki, yashuke bondeni Nakuru na kupanda hadi Eldoret yasichache njiani, mkono umekubali tangu asubuhi na mdomo haukuambiwa, haya, kiapo kikivunjwa kina kafara yake, atalisha maskini kumi, maziwa yapo...

"Ikra."

Ikra anatokeza mlango wa jikoni.

"Kwa mwaka inaachana kiasi gani?"

"Kidogo, hoyo, mama yangu," Ikra anajibu. "Hata punje ya mchele haifiki."

Moshi bado uko ndani, kifuniko kinamchoma kiganja naye hakiachii, punje ya mchele, anafikiri, tena haifiki, basi hiyo wataiweza...