Kidole Kilichonyooka

Yaya wangu Sumaili, mukubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa fundi wa nguo hapa sokoni Kasongo. Alienda Salamabila kuchimba zahabu ili apate cherehani yake mwenyewe. Huko jiwe likamwangukia mukono wa kuume, kidole cha shahada kikavunjika. Wenzake wa shimo wakakifunga na mpira wa gurudumu la pikipiki, wakaukaza vile wanakazaga miti ya kuzuia udongo. Akaja hivyo njia yote.

Pale hospitali, Munganga Magloire alikata ule mpira kwanza.

"Nani alifunga hivi?"

"Wandugu," yaya akajibu.

"Wandugu zako wako na nguvu."

Alibonyeza ukucha, akangoja damu irudi. Akabonyeza tena.

Kwenye chumba cha kupasulia walilaza mukono na sindano ya ganzi, yaya mwenyewe alikuwa macho. Walinivalisha aproni nzito ya kuzuia miale, nikamushika bega asitikisike. Mashine ilikuwa na mukono wa kupinda kama mundu, ukapita juu na chini ya kidole. Munganga akikanyaga pedali yake chini, mifupa inatokea kwenye televizyo. Mufupa wa kati ulikuwa vipande, kimoja kimelala upande. Alivuta kidole, akakanyaga, akaangalia. Akageuza mukono, akakanyaga tena. Halafu akaingiza waya mwembamba. Ulipita kando, akauchomoa, akaanza upya. Mara hii ukapita katikati.

"Munganga," yaya akasema, "kumbe na weye unashona! Ila uzi wako ni wa chuma."

"Nyamaza, fundi, utaniharibia mushono. Angalia pale."

"Eee! Umenyooka kuliko wangu."

Wakacheka. Mimi niliangalia televizyo, halafu mukono. Kwenye televizyo kidole kilikuwa kizuri. Nilipokigusa baadaye, kilikuwa baridi.

Ile mashine inaonyesha mifupa. Damu haionyeshe. Ncha ikaanza kuwa nyeusi, weusi ukashuka, harufu ikaja. Munganga akakaa kitandani kwa yaya.

"Fundi, mufupa uko sawa. Nyama ndiyo imekufa, mpira ulikaa sana. Tukikiacha, mukono wote utaoza."

"Lakini tulikiona, munganga. Mimi na weye. Kilikuwa kimenyooka."

"Kilikuwa."

"Basi washa mashine tena, uangalie vizuri."



Walikikata. Infirmye, musaidizi wa munganga, akanipa kidole ndani ya kitambaa cheupe, maana kwetu kipande cha mutu hakitupwe. Nikachimba karibu na kaburi la baba. Niliporudi, yaya alikuwa ameelekea ukuta.

"Faida, umekizika?"

"Nimekizika, yaya."

"Umekielekeza kibla?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimeinama pale sana, nakigeuza, sijui uso wa kidole uko wapi. Mwisho nikakilaza ncha ikiangalia kibla, vile alikuwa anakinyooshaga akiswali.